Ua wa Bibi, Ua la Bibi

Katika bahasha ya kaki ambayo mama ameihifadhi chini ya nguo zake tangu mwaka 1994 mna karatasi moja ya daftari la mistari, iliyokunjwa mara nne, yenye mwandiko wa mjomba wangu mkubwa. Ni hesabu ya mali aliyoiacha bibi yetu mzaa mama. Imeandikwa kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba kila mstari atakuja kuulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu: minazi 42, miembe 3, mifenesi 2, mshokishoki 1, mdimu 1, nyumba ya mawe na chokaa yenye paa la bati, kisima. Chini kabisa, baada ya kisima, mjomba aliandika maneno mawili, "na mengineyo", kisha akatia saini.

Mkilua wa Bibi, mti wa maua ya kunukia yaitwayo vilua, umo ndani ya maneno hayo mawili. Kwa miaka mingi sikuweza kuitazama karatasi ile bila ya kifua kunibana, na nilimwekea mjomba kinyongo ambacho sikuwahi kukitamka mbele yake mpaka alipokuwa mzee wa kuegemea ukuta. Nimeona niandike habari hii sasa, wakati mama bado yupo wa kunisahihisha.

Nyumba ile ilikuwa Bububu, kaskazini ya mji wa Unguja, upande wa barabara usioelekea baharini. Mpita njia aliona baraza na mlango tu. Ilimbidi mtu aingie ukumbini, apite vyumba viwili vya kushoto na viwili vya kulia, avuke jiko, ndipo atokee uani. Lugha yetu imelipa boma la nyuma ya nyumba na kile kinachochanua mtini jina moja, na kinachovitenganisha ni herufi moja inayofuata: ua wa nyumba, ua la mti. Kwa Bibi vitu hivyo viwili havikuachana. Nyumba nyingine za jirani uani mlikuwa na mafiga, kinu, kamba ya kuanikia nguo na kuku. Kwake pia vilikuwapo, lakini vilikaa pembeni kama wageni, kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa ya maua.

Ua ulizungushiwa makuti, na kila baada ya masika yaliyooza yalitolewa yakatiwa mapya. Mirehani ilipandwa karibu na kisima. Miasumini miwili ilipandishwa juu ya chanja cha boriti za mikoko, nasi watoto tulikatazwa kucheza chini yake wakati wa jioni ili tusije tukapukutisha tumba kabla ya kuchumwa. Mwaridi ulikuwa ndani ya karai lililotoboka. Mkadi uliwekwa mbali, kwenye pembe ya mwisho, kwa ajili ya miiba yake. Mlangilangi, ambao ni mti mrefu, ulisimama nje ya boma na kuangushia maua yake ndani. Katikati, mahali ambapo kivuli cha mwembe hufika mchana na kuondoka Alasiri, palikuwa na mkilua.

Ulikuwa kichaka kilichomzidi Bibi kimo kwa dhiraa moja hivi, chenye matawi mengi yaliyoanzia chini. Asiyeujua angeudhania ni mche wa mstafeli ulioachwa ukajiotea. Kila asubuhi ulipata kata tatu za maji yaliyooshewa mchele, na hapana mtu mwingine aliyeruhusiwa kuutilia.

Mgeni aliyeoneshwa kilua kwa mara ya kwanza kwa kawaida hakukiona. Asumini ni nyeupe na hujitangaza yenyewe hata gizani, waridi lina rangi yake, lakini kilua hujificha chini ya majani, kikiwa na rangi ya kijani inayoelekea manjano, na petali zake sita ni nene, zenye nyama, hazina ulaini wa ua mtu alilolizoea. Nilipokuwa na miaka sita au saba nilikizunguka kichaka kile mara tatu nikakata tamaa, nikasema leo hakuna. Bibi alikuja akasimama nyuma yangu, akaniweka kiganja chake usoni.

"Kilua hakitafutwi kwa macho, mjukuu wangu. Fumba, kisha uniambie kiko upande gani."

Nikafumba. Harufu ilikuja kutoka kushoto, chini kidogo ya bega langu, nzito na tamu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi, na nyuma ya utamu ule mlikuwa na ukali mdogo wa viungo. Nilinyoosha mkono na kidole changu kikagusa kitu baridi, kinene kama sikio la mwana wa mbuzi. Nina watoto watatu sasa, na sijui kama nimewahi kuwapa zawadi inayofanana na ile.

Baada ya sala ya Alasiri Bibi alitandika mkeka karibu na kisima, akaweka sinia la maji mbele yake, akaanza kutunga vikuba. Msomaji wa bara huenda hakuwahi kukiona kikuba, kwa hiyo nitakieleza. Ni kishada kidogo cha majani na maua yanukiayo ambacho mwanamke hukibandika kifuani kwa pini, hukichomeka nyweleni, au hukiweka chini ya mto wa kulalia. Bibi alianza na vijiti vya rehani, akavipanga kama kipepeo kidogo, juu yake akaweka vipande vya mkadi alivyovikata kwa kisu chembamba, halafu tumba za asumini, ambazo lazima zichumwe zingali zimefumba ili zifunguke usiku zikiwa kwenye nguo ya mvaaji. Katikati ya vikuba vichache, si vyote, alitia kilua kimoja. Alifunga kwa ugwe wa mgomba, kwa sababu uzi wa dukani, alisema, hukata vikonyo. Vikuba vilivyokwisha aliviviringisha ndani ya jani la mgomba na kuviweka kwenye kivuli cha mtungi, penye ubaridi, mpaka jirani yake mmoja avichukue kwa gari la shamba kuvipeleka Darajani, kwenye soko lile lililojengwa mwaka 1904 ambalo kwa miaka mingi limekuwa soko kubwa la mji wetu.

Hapa lipo jambo ambalo nililiona kila siku bila ya kulifahamu. Vikuba vilivyokwenda Darajani vilikuwa vya rehani, mkadi na asumini. Vyenye kilua havikwenda sokoni hata siku moja. Asumini aliuza, rehani aliuza, langilangi aliuza kwa pishi kwa wanawake waliotengeneza mafuta ya nywele. Kilua hakukiuza. Alikitoa. Alikitoa kwa msiba na kwa Maulidi ya Mfungo Sita, na zaidi alikitoa kwa harusi, kwa kuwa singo la bibi harusi, yaani ule mchanganyiko wa maua, liwa na viungo anaosuguliwa mwili siku za kuwekwa ndani, huwa halijakamilika mpaka kipatikane kilua cha kutia. Mjumbe wa harusi alikuja na bakuli lililofunikwa kwa kawa ndogo. Bibi alimwuliza jina la mama wa bibi harusi, akaingia kichakani, akatoka na vilua vitano au sita. Nilimwona akimrudisha mtu aliyemwekea fedha juu ya mkeka. Hakumkemea, alizisogeza tu zile noti kwa ncha ya kidole mpaka zikafika kwenye goti la mwenyewe.

Kwa mapokezi ya ukoo wetu, mkilua ule uliletwa na mama yake Bibi kutoka Pangani, alipoolewa akavushwa kuja Unguja kwa jahazi. Alibeba mche ndani ya kifuu kilichojaa udongo, akaukinga na maji ya chumvi kwa kanga yake. Sina ushahidi mwingine wa safari hiyo, lakini naiamini, kwa kuwa Pangani na Unguja zilikuwa zikipeana watu na mizigo kwa majahazi tangu zamani, na kwa kuwa mkilua ni mti wa misitu ya mwambao wa bara. Nilikuja kujua hayo nikiwa mtu mzima, maktabani, nilipokuwa nikitafuta jambo jingine kabisa katika kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki. Nilifungua ukurasa, nikaona neno la nyumbani limepigwa chapa kwa herufi za mlazo: Mkilua fragrans.

Aliyeuandika hivyo ni Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea Mwingereza aliyefanya kazi Nairobi kwa miaka mingi kabla ya kwenda Kew, London. Mwaka 1970 aliona kwamba mti huu haufanani na mwingine wowote kiasi cha kuingizwa katika jenasi iliyokwisha kupewa jina, akaupa jenasi yake peke yake, na jina la jenasi hiyo akalichukua kwa wale waliokuwa wakiutumia, bila ya kulibadilisha hata herufi. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake ni "wenye kunukia". Katika jenasi ya Mkilua umo mti huu mmoja tu, na kwao asili ni Kenya na Tanzania, haupatikani kwingine. Jamaa zake tunawajua sote: mstafeli, mtopetope na mlangilangi wanatoka katika familia hiyo hiyo ya mimea, na ndiyo sababu macho ya mgeni hudanganyika akadhani ni mche wa mstafeli.

Niliponakili habari hizo na kumsomea mama, alinyamaza kwa muda, kisha akaenda chumbani akarudi na ile bahasha. Aliikunjua karatasi, akaweka kidole juu ya mstari wa mwisho. "Kwa hiyo huko umeandikwa kwa jina lake," alisema. Hakuongeza neno.

Sasa nirudi kwenye hesabu. Kwetu Unguja mti ni mali inayojitegemea. Mtu huweza kumiliki minazi iliyo juu ya ardhi isiyo yake, akairithisha, akaiweka rehani au akaiuza, na baada ya mwaka 1964, ardhi yote ilipokuwa mikononi mwa Serikali, thamani ya shamba la mtu ilizidi kuhesabiwa kwa miti na majengo yaliyosimama juu yake. Kila mti wa mazao una bei inayojulikana na wazee, na inayobishaniwa kwa saa nzima. Mnazi unaozaa una bei yake, mnazi mkongwe una bei yake, mkarafuu ndio usiseme. Bibi aliacha watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu, na babu alikwisha kutangulia. Kwa sheria ya mirathi mafungu yalikuwa saba, mawili kwa kila mtoto wa kiume na moja kwa kila wa kike. Minazi 42 iligawika bila ya kubaki: kumi na miwili kwa kila mjomba, sita kwa mama na sita kwa kila dada yake. Wazee waliohudhuria walisifu jinsi hesabu ilivyokaa vizuri. Mama anakumbuka kwamba wakati minazi ikitiwa alama za chokaa, mtu mmoja aliegemea mkilua akifuta jasho, na alipoondoka kilua kimoja kilikuwa kimepondeka mgongoni mwa kanzu yake, harufu ikamfuata mpaka barazani.

Mwaka 1997 warithi walikubaliana kuuza, kwa sababu zile zile zinazowauzisha watu wote: mmoja ana mgonjwa, mwingine ana ada za watoto, wa tatu yuko mbali. Mnunuzi simtaji, wala sina neno naye, maana alinunua alichoandikiwa. Katika maandishi ya mauzo mlikuwa na minazi, miembe, nyumba na kisima. Kilichokuwa uani hakikuandikwa, na asichoandikiwa mtu halazimiki kukitunza.

Tulikwenda kutazama mwaka 2003, mimi na mama. Palikuwa na ukuta wa matofali ya saruji na geti la chuma, na mlinzi kijana aliyetwambia mwenye nyumba hayupo. Mama alimwamkua kwa upole, akamweleza kwamba amezaliwa humo, na kijana, Mungu ambariki, akatufungulia. Nyumba ya mawe haikuwapo. Nyuma yote ilimwagwa zege, na juu ya kisima palikuwa na mfuniko wa zege wenye kishikio cha nondo. Mama alisimama juu ya mfuniko, akavua viatu, akaanza kutembea kuelekea ulikokuwa mwembe, akihesabu kwa sauti ndogo. Alipofika kumi na moja alisimama. Jua lilikuwa kali na zege lilikuwa linachoma, lakini alikaa pale peku kwa kitambo, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Kijana akaniuliza kama bi mkubwa amepoteza kitu. Nikamjibu kwamba ndiyo.

Tangu siku ile kinyongo changu kwa mjomba kilizidi. Kwa nini aliandika mdimu mmoja, mti ambao kila nyumba inao, asiandike mkilua? Miaka tisa baadaye, alipokuwa amekwisha kudhoofika, nilikwenda kumsalimia, na baada ya shikamoo na marahaba na habari za watoto nilimwuliza. Hakukasirika. Alifikiri kwa muda mrefu hata nikadhani hakunisikia.

"Hesabu ile ilikuwa ya bei, mwanangu. Kila nilichokiandika niliandika na thamani yake pembeni, ili nisimdhulumu mtu. Mkilua ningeuandikia bei gani? Mama hakuwahi kuniambia bei."

Nilirudi nyumbani na maneno yale na sikulala. Ni kweli kwamba hakuna aliyewahi kuijua bei. Bibi mwenyewe ndiye aliyeutoa mkilua nje ya hesabu, kwa ncha ya kidole chake, miaka mingi kabla ya mjomba kushika kalamu, na aliutoa kwa kuwa aliuona umezidi kuuzwa. Mjomba alikuwa mwanawe aliyemtii. Alichotii yeye ndicho kilichoupoteza mti, na sijaona mpaka leo nani hapo wa kulaumiwa. Mjomba alifariki mwaka uliofuata. Nashukuru kwamba nilimwuliza akiwa hai, na najuta kwamba nilichelewa miaka kumi na minane.

Mwaka 2016 nilikwenda Pangani. Niliuliza uani kwa watu, mtaa kwa mtaa, na vijana wengi hawakulijua hata jina, waliniletea asumini. Siku ya tatu nilipelekwa kwa bibi mmoja ng'ambo ya mto, ambaye nyuma ya jiko lake mlikuwa na kichaka nilichokijua kabla ya kukiona. Alinipa vitunda vilivyoiva, akakataa fedha, akaniuliza jina la mama yangu.

Mlikuwa na mbegu kumi na moja. Nilizisia Fuoni, uani kwa mama, kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa, penye kivuli. Miezi ilipita tukaona zimekufa, kisha mbili zikachomoza. Mche mmoja uliliwa na mbuzi wa jirani. Uliobaki ulikua polepole mno, jani moja leo, jingine mwezi ujao, na mama aliutilia maji ya mchele kata tatu, nami sikuruhusiwa kuugusa. Kila nilipompigia simu kutoka Dar es Salaam nilimwuliza hali yake, kisha nikauliza hali ya mkilua, na kwa miaka saba jibu lilikuwa majani tu.

Wakati wa vuli ya mwaka 2023 nilikuwa Fuoni. Alfajiri, kabla ya adhana, nilisikia mama akifungua mlango wa nyuma, na alipochelewa kurudi nikamfuata. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mkilua, katika giza, na sikuhitaji kumwuliza, kwa kuwa harufu ilikwisha kunifikia mlangoni. Vilikuwa vitatu.

Habari husafiri mtaani haraka kuliko tunavyodhani. Siku ya pili yake, baada ya Alasiri, alibisha hodi binti wa nyumba ya tatu, mwenye umri wa miaka tisa hivi, akiwa na bakuli la plastiki lililofunikwa kwa leso. Alisema ametumwa na mama yake, kwa ajili ya singo la dada yake anayeolewa Ijumaa, na kwamba akiambiwa kiasi gani atarudi kuchukua fedha. Mama alimwuliza jina la mama yake, ingawa analijua. Kisha akamshika mkono akamwongoza mpaka kwenye kichaka. Mtoto alitazama juu, akatazama chini, akauzunguka mti, akasema hakuna ua.

Mama akamfunika macho kwa kiganja.